Maji ya Msasa

Kiganja alikuwa ameshachukua msasa namba mia nne, ule mkali wa kukwangulia rangi mbovu, mjomba wake alipomdaka mkono.

"Huo wa nini? Nimekwambia uombe radhi, sikukwambia ufanye kazi."

"Naomba radhi kwa vitendo, Mjomba."

Mwenye gari, mama mmoja fundi cherehani, alikuwa amesimama kando amekunja mikono. Miezi miwili iliyopita aliagiza paa la bati la gari lake la bluu likatwe, liwekwe la kaboni. Sasa paa jipya lilikuwa limeota kiputo juu ya kioo cha mbele, kikubwa kama kifungo cha koti, na mjomba alikuwa na jibu mdomoni kabla hajaulizwa: mpwa wake alisugua kupita kiasi, akatoboa vanishi, unyevu ukaingia.

Gereji nzima ilimwita Kiganja kwa sababu hakuyaamini macho yake hata siku moja, alipapasa. Kazi yenyewe haina uchawi. Kaboni ni kitambaa cheusi cha nyuzi, kimegandishwa kwa gundi mpaka kikawa kigumu, na juu yake hupigwa vanishi isiyo na rangi. Mng'arishaji huisugua vanishi hiyo kwa msasa na maji hadi mawimbi yote yaishe, kisha anaipitishia mashine ya polishi mpaka ujione meno. Muda wote huo anachunga maji. Yakishuka meupe kama maziwa, bado yuko kwenye vanishi. Yakishuka meusi, amezifikia nyuzi, na hapo ameshaharibu kazi ya watu. Kwa miaka tisa maji ya Kiganja hayakuwahi kuwa meusi, na alikuwa akiringia jambo hilo waziwazi.

Kusema "nilitoboa" lilikuwa neno moja tu. Lakini mwaka jana mng'arishaji mwenzake alilitamka neno hilohilo, kwa kumstahi bosi, na tangu siku ile hakuna gereji iliyotaka kumsikia. Siku hizi anaosha mazulia ya magari. Na huyu bosi wake, mjomba, ndiye aliyemlea Kiganja tangu ana miaka sita, ndiye aliyemfundisha kushika msasa. Hilo ndilo lililomchoma hasa, kwamba aliyemjengea jina ndiye anayelipaka matope.

"Kabla hatujafika mbali," fundi cherehani akasema, "nina swali. Hiki kitambaa kimelala kwenye kona hizi zote bila kuvutika hata uzi mmoja. Mimi nimekata nguo miaka thelathini, na kona kama hii ingenitoa jasho. Mliwezaje?"

"Utaalamu, mama," mjomba akadakia. "Paa hili nililiweka mwenyewe, siku ya mapumziko, geti nimefunga. Si kazi ya kumwachia kila mtu."

"Kazi safi kweli," Kiganja akasema. Alikuwa akitabasamu, na tabasamu lile halikumpendeza mjomba hata kidogo.

Kisha akamgeukia mteja. "Mama, naambiwa nilitoboa. Mimi sijawahi kutoboa, hivyo hata sijui kunakuwaje. Niruhusu nitoboe sasa hivi mbele yako, hapo penye kiputo, ujionee mwenyewe."

"Si utaliharibu paa?"

"Limeshaharibika, mama."

Fundi cherehani akalitazama paa, akamtazama mjomba, ambaye alikuwa amesimama kama mtu aliyekanyaga msumari na hataki kulia. "Haya," akasema. "Toboa."

"Ukiligusa hilo paa," mjomba akasema kwa sauti ya chini, "usikanyage tena hapa. Wala nyumbani kwangu."

"Nimesikia, Mjomba."

Akanyunyiza maji, akauviringisha msasa kwenye kipande cha mpira, akaanza. Vanishi ililia kwanza, halafu ikatulia. Maji yakachuruzika juu ya kioo, meupe.

Mjomba akabadili lugha. "Mwanangu, basi, yaishe. Mama tutampigia vanishi upya, kosa liwe la gereji, si lako." Kiganja akaendelea kusugua. "Kwani gereji hii nitamwachia nani kama si wewe?"

Maneno hayo alikuwa ameyasubiri miaka tisa, na yalimuuma kuyapata namna ile. Alijikaza, akanyunyiza maji mengine.

Baada ya dakika mbili tatu, maji yakageuka meusi.

Mjomba akashusha pumzi ndefu. Alikaribia kucheka. "Umeona, mama? Meusi hayo. Ndivyo alivyofanya, na hapo ndipo unyevu ulipopitia. Haya, ushahidi umepatikana. Weka msasa chini."

Fundi cherehani akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Kumbe ni kweli, binti. Sasa mbona huachi?"

Kiganja akaegemeza uzito wa mwili wote juu ya kile kipande cha mpira, akavuta, akasukuma, akavuta tena. Mjomba hakuwa tena kando yake. Alikuwa anaelekea getini, hatua za haraka haraka, kama aliyeitwa na simu.

Kiganja akamwaga maji yaliyobaki kwenye chupa, akasogea pembeni ili mteja aone vizuri. Yalishuka ya bluu, bluu ileile ya milango ya gari, rangi ya paa la bati ambalo halikuwahi kukatwa.