Namba Zisizotulia

Tangu madirisha ya mtaa mzima yageuzwe kuwa vioo vya kuonyesha picha za nje, hakuna aliyeruhusiwa kuuliza tuko wapi. Halmashauri ilisema mtaa uko palepale ulipojengwa, na watu wakaendelea kukaanga maandazi. Ila Mishi alipookota kipokea setilaiti, kile kinachotaja kwa namba mahali kilipo, kwenye jaa la kiwandani, mikono ilimuwasha.

Alikiunganisha na kompyuta ndogo kama kibiriti na kioo cha namba, akapenyeza antena kwenye tundu la moshi la jikoni. Kimya. Kumbe waya wa kutuma wa kipokea alikuwa ameuchomeka kwenye ule wa kutuma wa kompyuta, badala ya ule wa kupokea. Akaubadilisha, na namba zikawaka.

Lakini hazikutulia. Akakibana kifaa mezani kwa viganja viwili. Zikazidi kupanda, polepole, bila kurudi nyuma hata mara moja.

Mama mkwe wake, Bi Mwanakombo, alikuwa akitandika mswala, tena nje ya mstari wa kibla uliochorwa sakafuni na Halmashauri. Kila siku Mishi huunyoosha, akidhani ni macho ya uzee.

"Mama, mswala umepinda."

"Sijaupinda, mwanangu, nafuata jua. Wewe asubuhi uko kiwandani, huoni. Zamani jua liliingia kwa tundu lile nikikoroga uji. Siku hizi linachelewa hadi karibu na adhuhuri."

Mishi akatazama mlango, asije mtu wa Halmashauri. Akanyoosha mkono kuchomoa waya.

Bi Mwanakombo akamshika kiganja.

"Kabla hujazima," akanong'ona, "nisomee kwanza. Tumefika wapi?"