Saa Nane Usiku

"Zahraa, mama yako yuko wapi? Wenzake wote tisa tumeshapanda. Treni inaondoka baada ya dakika nne!"

Kiongozi wa msafara aliosafiri nao Mama alikuwa akipiga kelele kwenye simu kutoka stesheni ya Lucknow, India. Huku Thornhill, Kanada, ilikuwa asubuhi ya theluji, na Zahraa alikuwa ndani ya gari, nje ya msikiti wa barabara ya Bathurst.

"Si yuko kwa binamu yake? Nilimwandikia tangu jana aje hapo stesheni."

"Hajaja. Na mizigo yake tunayo sisi, hata sindano zake za sukari. Mpigie!"

Alimpigia Mama kwa simu yake ya pili, ya kazini. Ikaita, ikaita. Kwenye ile ya kwanza, kiongozi bado akiwa hewani, akautafuta ujumbe aliomwandikia Mama jana.

*Treni ni saa nane usiku, Mama. Usichelewe.*

Miaka yote Mama alilalamika: nakusemesha Kiswahili, unanijibu Kizungu. Kwa hiyo jana Zahraa alijitahidi. Kwenye tiketi aliona 8 PM, akaandika nane usiku.

Kidole chake kikaganda juu ya neno hilo. Kwa Mama, mzaliwa wa Tanga, 8 hiyo ya Kizungu ni saa mbili usiku; saa nane ilikuwa bado, muda wa saa sita nzima mbele.

"Haloo?" Sauti ya Mama ilikuwa nzito kwa usingizi.

"Mama, amka! Toka sasa hivi!"

"Mwanangu, ule ujumbe nimeusoma mara tatu. Kiswahili safi, hukukosea hata neno."

Kwenye simu ya kiongozi, honi ya treni ikalia.