Rula ya Profesa

Profesa aliilaza rula ubaoni, juu ya umbo lenye pengo kama biskuti iliyong'atwa.

"Binti, njia yako inatoka nje ya umbo. Tasnifu imefeli."

Hasira zilimpanda mwanafunzi. Miaka minne aliisaka humo nukta isiyohama hata nyingine zikihamishwa: alianza na swali jepesi, akaligeuza gumu kidogo kidogo, huku akilifuata jibu kila liliposogea. Njia ya jibu hilo ilipinda, ikalizunguka pengo. Nani alimwambia Profesa kwamba imenyooka kama rula?

Akatupa jicho mezani. Tasnifu ilikuwa bado ndani ya bahasha, na utepe alioubandika mwenyewe haujaguswa.

Akaufunga mlango kwa ufunguo, akaichana bahasha.

"Kaa, Profesa. Rula nipe mimi. Wewe soma."