Maua ya Ng'ambo

Jumapili ya tatu mfululizo, Apolonia alivuka daraja la mto Prosna akiwa na maua mkononi. Mumewe, Wincenty, alimfuata kwa mbali, wivu ukimchoma.

Kwa zaidi ya miaka mia mto ule uliukata mji wao vipande viwili: ng'ambo ile ya Wajerumani, ng'ambo hii ya Warusi. Sasa vita vilikuwa vimekwisha, Poland imerudi, na askari wa darajani wamekwenda zao. Mji mzima ulicheza dansi. Wincenty peke yake alinuna.

"Wicek, wewe umepewa nchi ukanyang'anywa mke," mhunzi alimtania Wincenty alipopita.

"Shughulika na nyundo yako."

Alijua ng'ambo kuna nani. Kulikuwa na Teofil, aliyekuwa mchumba wa Apolonia. Enzi zile barua zao alizipeleka Wincenty mwenyewe, maana ndiye aliyekuwa na kibali cha kuvusha unga. Kisha barua zikakoma. Wincenty akamletea Apolonia habari kwamba Teofil kaoa, akakaa naye siku zote za kilio, na mwaka uliofuata akamwoa.

Miaka kumi ya ndoa, na bado mwanamke alikuwa akiutazama mto kila anapoanika nguo.

Lakini Apolonia hakuingia nyumba ya mtu. Aliingia makaburini, akapiga magoti karibu na ukuta.

Wincenty alihisi kifua kikimlegea. Kumbe Teofil kafa. Miaka yote ile hakulala vizuri kwa sababu ya mtu ambaye sasa ni mifupa. Nusura acheke. Alivua kofia, akasogea.

"Pole, Pola," alisema kwa upole. "Ungeniambia tu, tungekuja wote."

Apolonia hakugeuka. "Nilitaka nizoee kwanza."

Alijisogeza pembeni kumpisha. Msalaba ulikuwa wa mbao, umeanza kuoza kwa chini, lakini herufi zake zilikuwa zimepakwa rangi upya, tena na tena:

APOLONIA, MCHUMBA WANGU. 1909.

"Wicek," alisema, huku akiyapanga maua, "hivi ulimwambia Teofil nilikufa kwa ugonjwa gani?"