Hesabu za Meja Trench

Meja Lucius Trench alimpiga mstari mwekundu daftarini mtoto wa farasi ambaye mtunza farasi wake, Mossie Hanrahan, alikuwa hajamaliza kumzika.

Mossie alisimama mlangoni mwa ofisi, udongo umemganda magotini. Mtoto yule alizaliwa miguu ya mbele imepinda kama mundu, taya la chini halipo. Mama yake alimlamba saa nzima kabla daktari wa mifugo hajafika na bastola.

"Huyu ni wa nne, Meja," alisema Mossie. "Na wote wanne, baba na mama ni ndugu."

"Wa nne wa nini?" Meja hakuinua uso. Ukuta nyuma yake ulijaa karatasi za koo za farasi, vizazi vitano vitano, kila babu na alama zake. "Kwenye hesabu yangu hayumo. Mimi nahesabu waliokimbia. Tazama: waliozaliwa na ndugu, tisa, walioshinda, sita. Theluthi mbili! Nionyeshe shamba jingine katika jimbo zima la Kildare lenye kiwango hicho."

"Na hawa ninaowazika?"

"Hayo si makosa ya hesabu, Mossie. Ni makosa ya matumbo." Akafungua karatasi nyingine. "Jumatatu mpeleke Síofra kwa Kadinali."

Síofra alikuwa jike mpole kuliko wote pale shambani. Kadinali, dume lililoliletea shamba sifa, alikuwa ndugu yake wa baba.

"Meja, yule ni kaka yake!"

"Wa baba tu. Usinihubirie kama padri. Farasi hawaendi kuungama."

Mchana huo Nuala, mkewe Mossie, aliposikia habari hiyo, aliisukuma kando sahani yake ya viazi.

"Mzee kinyaa! Angalau angekuja kushika hatamu mwenyewe. Miaka yote hajakanyaga banda la kupandishia, eti harufu. Acha kazi, Mossie."

"Nikiacha ataleta mwingine, na Síofra atapandwa vilevile."

"Na Toby je?" aliuliza Nuala.

Toby alikuwa dume wa kujaribia. Kazi yake ilikuwa kupitishwa mbele ya jike ili ionekane kama yuko tayari. Akishachangamka anavutwa nje, anaingizwa mwenye jina. Mossie alipoajiriwa miaka sita nyuma alimkuta pale pale, hana cheti, hana ukoo, hakuna anayemuulizia. Alikuwa na kituko kimoja: hali nyasi mpaka azichovye kwenye ndoo ya maji, kama kikongwe asiye na meno. Síofra naye alikuwa hivyo hivyo. Mossie aliamini wameambukizana kwa kuwa walipakana vibanda.

"Damu ya barabarani ile," alisema Mossie polepole.

"Ndiyo dawa yenyewe," alisema Nuala.

Jumatatu Nuala akamshika jike, Mossie akamleta Toby, na safari hii hakumvuta nje. Síofra alitulia, masikio mbele, hakurusha teke hata moja. Kwenye daftari Mossie akaandika: *Kadinali*.

Mtoto alizaliwa Aprili, miguu minne imenyooka, macho mawili maangavu. Kabla hajakauka alishampiga Mossie teke la paja. Mossie akalia, akacheka, akaenda kumwamsha Nuala aje aone.

Farasi huyo alipofikisha miaka mitatu, walimshindanisha kwenye uwanja wa mbio wa Curragh. Alishinda akiwaacha wenzake nyuma mbali, kana kwamba wao walikuja kutazama tu. Wiki hiyohiyo majedwali ya Meja yakachapishwa gazetini, na picha yake akiwa na penseli. Wafugaji wakaja kutoka Tipperary, kutoka Meath, kutoka hata ng'ambo Uingereza, kofia mkononi, wakiomba awapangie majike yao. Kufikia Februari alikuwa amekwisha kupanga arobaini na moja. Kila jike na ndugu yake.

Mossie aliisoma ile orodha. Akatoka, akaenda kumsomea Nuala. Macho yake yaliona makaburi madogo arobaini na moja. Na ushahidi waliouamini watu wale wote ulikuwa uongo wake mwenyewe, ulioandikwa kwa mkono wake mwenyewe.

"Kamwambie," alisema Nuala. "Nyumba watatunyang'anya, ndiyo. Tutakwenda kwa dada yangu."

Mossie akavaa shati la Jumapili, akaenda ofisini, akasimama mbele ya meza.

"Yule mshindi si wa Kadinali, Meja. Ni wa Toby. Nilifanya makusudi, nilitaka damu isiyojulikana itokako, ili Síofra asipandwe na kaka yake. Hesabu yako haina kitu ndani. Waandikie wale watu. Waambie waache."

Meja akaweka kikombe chini. Mossie akajikaza kungoja matusi.

Hayakuja. Mzee alinyanyuka, akaenda ukutani, akaitafuta karatasi ya Síofra, akapitisha kidole juu ya majina. Masikio yalimgeuka mekundu. Alipogeuka, macho yake yaling'aa kama ya mtu aliyeletewa barua ya heri.

"Toby alikimbia mara mbili," alisema, "na mara zote mbili akawa wa mwisho. Niliona aibu. Nikachoma cheti chake, nikamtupa kwenye kazi ile ili asije akaniharibia hesabu." Akaketi, akachukua karatasi mpya. "Kadinali ni ndugu yake Síofra wa baba. Toby ni ndugu yake wa baba na mama."

Akachonga penseli, taratibu, akitabasamu.

"Hata mimi, Mossie, sikuthubutu."