Kitunguu cha Sodiamu

Nilikuwa nimekalia kiatu chake cha kushoto, chini ya mto wa kiti, na mjukuu wangu anakitafuta nyumba nzima. Shangazi yake alikuwa njiani kuja kumchukua akaishi kwake, karibu na shule yenye maabara.

Alipochoka kutafuta alikuja jikoni, akaninyang'anya kitunguu nilichokuwa namenya.

"Bibi, hii ni atomu ya sodiamu. Ganda la nje lina elektroni moja tu. Ikiondoka, ganda zima limekwenda." Akalibandua. "Sasa ni ioni. Ipi kubwa?"

"Hata mimi niliyeishia darasa la nne naona. Imekonda."

"Na elektroni zilizobaki zinavutwa ndani zaidi."

"Maskini. Na huyo mtoro anakwenda wapi?"

"Kwa klorini. Kule nje zipo saba, zinataka ya nane. Ikiingia zinasukumana, klorini inavimba."

Nilicheka mpaka kiti kikatoa mlio. Kwa shangazi yake wako saba, na shangazi mwenyewe mlangoni anapita kwa ubavu.

Yeye hakucheka. Alikuwa anaitazama mikono yangu.

"Bibi, kiatu najua kilipo tangu asubuhi. Ukisema nibaki, nabaki."

Macho yaliniwasha, nikakisingizia kitunguu. Nje gari likapiga honi. Mgongo ulikuwa mzito kama nimebeba gunia kutwa.

Nikainuka, nikampa kiatu. Kilikuwa bado na joto.