Kifungo cha Nne

Kifungo cha nne kilimshinda tena. Vitatu vya juu Bibi alivifunga vizuri, kisha vidole vikalegea, shati la mazoezi likabaki wazi tumboni.

"Mkono umegoma, mwanangu," alisema.

Mwanafunzi alisimama mbele yake, mikono mgongoni. Ndivyo walivyofundishwa. Msaidizi wa tiba kazi hamfungi mgonjwa kifungo. Anamfundisha ajifunge mwenyewe, ajipikie chai mwenyewe, arudi kwake akajitegemee. Kila mwanafunzi alipaswa kumfikisha huko mgonjwa mmoja kabla muhula haujaisha, na muhula ulikuwa unaisha Ijumaa. Asiyefikisha anarudia mwaka.

Bibi alikuwa ameshona nguo za watu miaka arobaini. Faili lake lilisema aliteleza kwenye ngazi za nyumbani, akavunjika mkono wa kulia. Mwaka jana ulikuwa wa kushoto, ngazi hizo hizo. Wodini walimtania kwamba yeye na ngazi wana ugomvi wa siku nyingi, naye akacheka nao.

Mwanawe wa kiume alikuja kila jioni na machungwa. Mtoto wa mfano. Alimnyooshea mama shuka, aliwasalimia wauguzi mmoja mmoja, na kila siku aliuliza lile lile: "Mama anarudi lini nyumbani?" Kila alipouliza hivyo, Bibi aliangusha hata kikombe. Machungwa aliwagawia wagonjwa wenzake.

"Anadeka," mkufunzi alisema. "Wazee wengine wakishapata wa kuwahudumia hawataki tena kupona. Mbane."

Mwanafunzi akambana. Asubuhi vifungo, mchana vifungo, saa kumi birika na jiko. Bibi hakulalamika, ila kila wakifika kifungo cha nne, vidole vililegea. Mwanafunzi alianza kumchukia kidogo, na aliona aibu kwa hilo.

Jumatano aliacha koti lake jeupe kwenye kiti kando ya kitanda, akaenda kula. Kifungo chake cha chini kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja tangu wiki iliyopita. Aliporudi alikuta kimeshonwa. Mishono ilikuwa midogo, imebana, na uzi umekatwa kwa meno. Sindano ilikuwa imechomekwa kwenye foronya, na Bibi amejifunika shuka, macho ameyafumba.

Wapo watu wanaoficha maradhi. Huyu alikuwa anaficha uzima. Mwanafunzi alikwenda mbio kwa mkufunzi, nusura amkumbatie.

Alhamisi koti liliwekwa mezani mbele ya Bibi, mkufunzi akiwa amekaa na saa mkononi. Bibi alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akalivuta shati la mazoezi na kufunga vifungo vyote vitano bila kukosea hata kimoja. Akachemsha chai. Akazima jiko.

"Si unaona unaweza?" mwanafunzi alisema. "Kwa nini ukanihangaisha hivyo, Bibi?"

"Nisingekishona," Bibi alisema taratibu. "Lakini ulikuwa unatembea koti wazi, mtoto wa watu."

Ijumaa cheti cha mwanafunzi kikatiwa sahihi. Mkufunzi alisema ana jicho la kazi, na wenzake wakampigia makofi.

Ilibaki fomu moja, ya mazingira ya nyumbani. Wanafunzi huijaza dakika ya mwisho, mgonjwa akishavaa viatu, kwa sababu hakuna anayeisoma. Bibi alikuwa ameshakaa ndani ya gari, mikono mapajani, koti lake la safari limefungwa hadi shingoni. Mwanawe aliegemeza kiwiko dirishani na kujibu kwa upole.

"Choo kiko ndani?"

"Ndani, dada."

"Jiko?"

"La gesi. Nililinunua mwenyewe."

"Na ngazi, ni ngapi?"

Mwana aliwasha gari, akatabasamu. "Ngazi? Hamna. Nyumba yetu ni ya chini, hata kizingiti hakuna. Hilo lisikupe wasiwasi."

Mwanafunzi akaandika: hakuna. Alipoinua kichwa, mlinzi alikuwa ameshafunga geti.